Mapacha wa Itulabwe

Jumatatu yake ya kwanza kazini, Tusekile Mwambungu alisoma majibu ya watu mia tatu themanini na tisa waliokuwa wamekufa, na hakujua.

Aliyasoma kama alivyoelekezwa, harakaharaka, akitafuta makosa ya mashine na si habari za watu. Swali la Jumapili lililotumwa nchi nzima lilikuwa jepesi: ni jambo gani limekusumbua zaidi wiki hii? Kutoka kata ya Itulabwe, kule milimani, majibu mengi yalifanana. Mvua. Barabara ya juu. Daraja lililokatika. Mlima.

Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo mwaka mzima. Taasisi ya Takwimu za Kura, Mbeya, ilichukua watu wanne tu kila mwaka, waliomaliza uzamili na wanaotaka kwenda uzamivu. Ulikuwa unakaa miaka miwili chini ya profesa, ukijifunza kuisoma nchi kwa namba zake, na ukimaliza, barua yao ilikufungulia mlango wa chuo chochote ulichotaka. Alipoitwa, mama yake alifunga duka la vitambaa kule Tukuyu siku nzima ili wapige picha.

Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa ya kawaida. Kila raia mwenye umri wa kupiga kura alikuwa na pacha. Pacha alijengwa kwa majibu ya maswali ya Jumapili, miaka kumi na zaidi, mtu akijibu kwa sauti kwenye simu yake akiwa shambani au akitoka kanisani, mpaka mashine ikajua si tu anasema nini bali angesema nini. Kwa kawaida pacha hakupiga kura. Alitumika kutabiri tu, na kujibu swali la Jumapili pale mwenyewe asipojibu. Lakini sheria ilitoa nafasi moja: kituo kikishindwa kufunguliwa kwa sababu ya janga, mapacha wa wapiga kura wa kituo hicho ndio waliohesabiwa, ili maji au moto usimnyang'anye mtu sauti yake.

Mwezi huo wa Novemba, vituo vitatu vya Itulabwe havikufunguliwa. Daraja lilikuwa limekwenda na mlima tangu Aprili na halikujengwa. Mapacha elfu moja mia moja na arobaini walipiga kura ya udiwani badala ya wenyewe, na Bi Kalinga akamshinda Bwana Ntobi kwa kura mia moja na kumi na mbili. Baraza la Kura liliipa taasisi siku ishirini na moja kuthibitisha kwamba mapacha hao walisema kile ambacho wenyewe wangesema. Tusekile alitakiwa kuchagua watu thelathini, awapigie simu, alinganishe, aandike ukurasa mmoja.

Watu kumi na mmoja wa kwanza hawakupatikana. Kwa wa kumi na mbili alitumia namba ya pili iliyokuwa kwenye faili, namba ya mke.

"Shikamoo, mama. Naitwa Tusekile, napiga kutoka Taasisi ya Takwimu za Kura. Naomba kuongea na Mzee Ambakisye Mwaisumo."

"Marahaba," sauti ya mwanamke ilijibu taratibu. Kisha: "Nani anamtaka?"

"Ni utafiti tu, mama. Maswali matano hayazidi. Juzi Jumapili alijibu swali letu vizuri sana."

"Alijibu."

"Ndiyo, mama."

"Alisema nini?"

Tusekile alilitafuta jibu kwenye skrini, akalisoma bila kufikiri. "Alisema, 'Mlima bado unanguruma. Watuhamishe kabla ya masika.'"

Kwa muda alisikia kuku tu, na mtu akipasua kuni kwa mbali.

"Mwanangu," yule mwanamke alisema, "Ambakisye yuko chini ya kifusi tangu Aprili. Mimi ndiye mke wake. Tumechimba mpaka Juni, hatujapata hata kofia yake. Lini umesema amejibu?"

*

Profesa Rweyongeza alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye mazoea ya kutafuna buni zilizochemshwa alizotumiwa kutoka Bukoba. Kisahani chake kilikuwa mezani, katikati ya karatasi.

"Wangapi?" aliuliza.

"Nimelinganisha na orodha ya wilaya, Profesa. Waliopotea Aprili na hawakupatikana, na wamo kwenye daftari la wapiga kura, ni mia tatu themanini na tisa. Wote mapacha wao wamepiga kura. Mia tatu thelathini na mmoja kwa Kalinga. Hamsini na wanane kwa Ntobi."

"Na ukiwatoa?"

"Ntobi anashinda kwa mia moja sitini na moja."

Profesa alichukua buni moja, hakuila. "Kisheria wako hai. Mwili haujapatikana, cheti hakijatoka. Familia zimekataa kusaini kwa sababu zimeambiwa zikisaini, wilaya inaacha kutafuta. Kwa hiyo daftari halijakosea."

"Profesa alikuwa anajua?"

"Nilijua wamo. Sikujua ni wengi kiasi hicho." Akamtazama. "Sasa nikuulize. Ntobi anataka machimbo ya kokoto yaendelee. Kalinga anataka watu wahamishwe waende tambarare ya Lwifwa kabla ya mvua kubwa. Machimbo ndiyo yaliyokata mguu wa mlima, mlima ukaanguka, ukaua watu. Ukiwatoa wale waliokufa kwenye hesabu, machimbo yanashinda. Yanashinda kwa sababu yaliwaua ambao wangeyapinga. Hilo unaliita nini?"

Tusekile aliangalia namba alizokuwa ameziandika.

"Mimi sina jina la kuliita," Profesa alisema. "Una siku kumi na saba. Kilichoko mbele yako ni sentensi moja: mapacha wa Itulabwe wanawakilisha wapiga kura wao, au hawawakilishi. Nenda katafute ni ipi."

Alitoka mle ofisini akijua ni ipi anayoitaka. Alitaka wale watu wabaki. Kila alichokisoma wiki ile alikisoma kwa jicho hilo.

Na walimsaidia, maana waliongea vizuri. Hakuwa amewahi kusoma majibu ya kata moja mfululizo, mtu mmoja baada ya mwingine, kwa sauti zao. Aliweka vifaa vya masikioni, akawasikiliza kuanzia asubuhi hadi watu wa usafi walipomwomba anyanyue miguu. Palikuwa na mwalimu aliyeanza kila jibu kwa kukohoa. Palikuwa na kijana wa machimboni aliyecheka kabla ya kusema jambo lolote zito. Mashine ilikuwa imeyahifadhi hayo yote, kikohozi na kicheko, ikayaweka mahali pake kwenye maneno ambayo hakuna koo lililoyatamka.

"Naogopa mvua," alisema mwalimu, baada ya kukohoa.

"Naogopa kwa ajili ya watoto," alisema kijana, baada ya kucheka.

"Nalala na viatu," alisema bibi mmoja wa miaka themanini.

Siku ya tatu aligundua kwamba hata akivua vile vifaa bado anawasikia. Akiosha vyombo kwenye chumba alichopanga, mtu alikohoa nyuma yake, na aligeuka. Sokoni, akichagua nyanya, alisikia "nalala na viatu", akasimama na nyanya mkononi mpaka mwuzaji akamwuliza kama anaumwa. Alirudi ofisini, akaiandika sentensi hiyo kwenye sehemu ya kutafutia, bila sababu, ili tu amwone yule bibi tena.

Mashine ilimletea watu arobaini na watatu. Wote walikuwa wamekufa, na wote walikuwa wanalala na viatu.

Akatafuta na kwa walio hai. Akampata mmoja tu, aliyeisema Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Mei, kabla ya wengine wote: Anyisile Mwaisumo, mke wa Ambakisye.

*

Alisafiri Jumamosi, akapanda na gari la wilaya lililokuwa linapeleka dawa. Daraja la muda la miti lilibeba watu wa miguu tu, gari halikupita, kwa hiyo dereva alimwonyesha njia na yeye akavuka kwa miguu.

Hakuwa ameona picha. Alitegemea shimo, au rundo. Alichokiona ni ubavu wa mlima uliochunwa ngozi, mwekundu, na chini yake uwanja mpana wenye majani mapya. Majani yalikuwa yameota vizuri kuliko popote. Watu walikuwa wamefunga vipande vya khanga kwenye vijiti kuonyesha palipokuwa na nyumba ya nani.

Waliobaki waliishi kwenye mahema katika uwanja wa shule. Anyisile alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, mrefu, amejifunga mtandio kiunoni. Alimkaribisha kwenye kigoda, akamletea ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, akaketi mbele yake akisubiri ale kwanza.

"Wewe ndiye uliyepiga simu," alisema.

"Ndiyo, mama. Nimekuja kuomba msamaha kwa simu ile."

"Hukukosea. Wengine wote wananijia hapa kuniuliza Ambakisye kampigia nani. Majina ya waliohesabiwa yalibandikwa shuleni. Wa Kalinga wananishika mkono. Wa Ntobi hawanisalimii. Mimi sijui. Wanadhani nalala naye nikamwuliza."

Tusekile alitoa kishikwambi chake kwenye mkoba. Kanuni zilikataza ndugu kusikilizishwa pacha. Alikuwa amezisoma na kuzisaini siku ya kwanza.

"Mama, nahitaji mtu aliyemjua aniambie kama anayeongea humu ni yeye. Lakini ni jambo zito. Ukikataa nitaelewa."

Anyisile alikitazama kile kioo cheusi. Akanyanyuka, akafunga mlango wa hema, akaketi tena.

"Weka."

Sauti ya Ambakisye ilitoka nzito, yenye mkwaruzo, ya mtu aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi. Anyisile alishika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mzee Ambakisye," Tusekile alisema, "uchaguzi wa diwani, ulichagua nani, na kwa nini?"

"Kalinga. Mama huyu anatuhamisha. Mlima unanguruma, mnasikia wenyewe. Nalala na viatu. Nikisikia jiwe moja tu nanyanyuka, nahesabu watoto, narudi kujilaza lakini silali. Kama si kuhama, basi tunasubiri zamu."

Machozi yalikuwa yanamshuka Anyisile, lakini uso wake haukuwa wa kilio. Alikuwa amekunja kipaji kama mtu anayekagua mshono wa nguo.

"Ni sauti yake," alisema. "Hata hivyo anavyovuta pumzi kabla ya kusema 'basi', ni yeye." Alijifuta kwa mtandio. "Lakini maneno ni yangu."

"Yako, mama?"

"Ya kuhesabu watoto, ya viatu, ya zamu. Niliyasema mimi kwenye simu, Mei, Jumapili ya kwanza baada ya kupewa simu mpya na watu wa misaada. Ambakisye hakuwahi kuogopa mlima hata siku moja. Tuligombana miaka miwili. Mimi nataka tuhame, yeye anasema machimbo ndiyo yamejenga nyumba hii, mlima haujaanza leo. Wiki ile ya mwisho hatukuwa tunaongea. Alitoka asubuhi kwenda kazini, sikumwambia hata kwaheri. Ntobi alikuwa rafiki yake. Angempigia Ntobi. Angepanda juu ya meza kumpigia Ntobi."

Tusekile alijua sasa ilivyokuwa. Alikuwa ameisoma kwenye mwongozo, aya fupi ambayo hakuna aliyeijali. Mtu akiacha kujibu, kwa ugonjwa au kupoteza simu, pacha wake haachwi mtupu. Anaazima. Anachukua kidogo kwa walio karibu naye na wanaofanana naye, mke, jirani, mwenzake wa kazi, mpaka mwenyewe atakaporudi. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya wiki mbili, tatu. Hapa ilikuwa imeazima kwa miezi saba kutoka kwa watu waliojaa hofu, ikaimimina hofu hiyo ndani ya waliokufa, kila mmoja kwa sauti yake.

Alimweleza Anyisile hivyo, kwa maneno machache aliyoweza.

"Kwa hiyo ni sisi," Anyisile alisema. "Tumepiga kura mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na ukisema hivyo mjini, Kalinga anaondoka."

"Ndiyo."

Anyisile alifungua mlango wa hema. Kutoka pale ulionekana ubavu ule mwekundu wote.

"Nataka kuhama kuliko mtu yeyote hapa," alisema. "Nina watoto watatu. Ningeweza kukuambia ni yeye, ukaenda zako."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Miezi saba sijaweka matanga. Mwinjilisti anasema tusubiri cheti. Wilaya wanasema tusubiri mwili. Halafu naambiwa kapiga kura. Mtu aliyepiga kura juzi namlilia vipi? Nikilala nawaza labda yuko mahali, amekasirika, hataki kurudi nyumbani." Akavuta pumzi. "Aliishi akinibishia. Sasa amekufa ananikubali kila neno. Huyo si mume wangu, mwanangu. Mrudishe yule mbishi hata kama amekufa."

*

Jumatatu alikaa mbele ya mashine na kufanya alichopaswa kukifanya tangu mwanzo. Kwa kila mmoja wa wale mia tatu themanini na tisa alitafuta jibu la mwisho alilolitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya Aprili. Mia mbili na arobaini walikuwa wametaka machimbo yaendelee. Wengi wao walikuwa wanafanya kazi pale.

Alizipeleka namba kwa Profesa, naye akazisoma akiwa amesimama dirishani.

"Kwa hiyo wangeichagua kazi iliyowaua," Profesa alisema.

"Kabla haijawaua, Profesa. Baada ya hapo wangesema nini, hakuna data. Hakuna popote duniani. Tulichokuwa nacho ni wake zao wakiongea kwa sauti za waume."

"Wake zao walikuwa sahihi."

"Ndiyo."

"Nimeutazama ule mlima kwa picha za setilaiti. Kuna ufa mwingine juu ya shule, wa mita mia mbili. Unajua mvua kubwa inaanza lini?"

"Najua."

Profesa aliketi. Ghafla alionekana mzee kuliko miaka yake. "Nilitunga mimi ile aya ya kuazima. Miaka kumi na nne iliyopita. Tulikuwa tunashangilia, tulidhani tumemaliza tatizo la watu wasiojibu." Alikisogeza kisahani cha buni pembeni. "Wewe unaniomba nini, Tusekile? Nikwambie uandike au usiandike?"

"Nilitaka Profesa aniambie."

"Mimi ningesaini kwamba wanawakilisha. Ningesaini, halafu ningekaa na uongo huo maisha yangu yote, na kila mvua ikinyesha ningesema afadhali. Lakini uchaguzi ujao, kata nyingine, mtu mwingine angekuwa amekaa hapa, na wafu wengine, na hofu ambayo si ya haki kama hii. Naye angesaini, kwa sababu mimi nilisaini." Akatikisa kichwa. "Siwezi kuweka jina langu kwenye ripoti inayomrudisha Ntobi. Siwezi pia kuizuia. Andika jina lako peke yako."

Aliandika kurasa nne badala ya moja. Aliweka mle namba zote, na aya ya kuazima, na ule ufa wa mita mia mbili juu ya shule, ingawa haukuwa umeulizwa. Aliandika kwamba alimsikilizisha mjane sauti ya mumewe kinyume na kanuni. Alipofika kwenye sentensi ile moja aliandika kwamba mapacha hawa hawawakilishi wapiga kura wao. Alisaini saa nane mchana. Watu walikuwa wanatoka kula, na korido ilinukia samaki.

Baraza la Kura halikuchukua hata siku tatu. Kura zikaondolewa, Ntobi akatangazwa. Mpango wa Lwifwa ukawekwa kando mpaka baraza jipya la madiwani likutane, mwezi wa Februari. Tusekile alipewa onyo la maandishi kwa kuvunja kanuni, na barua nyingine, siku hiyohiyo, ya kumpongeza kwa umakini.

Kisha akaagizwa kuwafunga mapacha wa wale mia tatu themanini na tisa. Haikuruhusiwa kuwafunga kwa mkupuo, kwa sababu mtu aliyetunga utaratibu huo aliogopa kosa. Kila mmoja alifunguliwa kwa jina, mashine ikauliza kama una uhakika, ukajibu ndiyo. Kazi hiyo ilimchukua Jumatatu yote na nusu ya Jumanne. Swali la Jumapili lilikuwa limeshatumwa kabla agizo halijatoka, kwa hiyo kila jina lilikuwa na kialama kidogo cha bluu pembeni, jibu jipya ambalo halijasomwa. Swali lilikuwa: unatarajia nini mwaka ujao?

Hakulifungua hata moja. Kwa Ambakisye alikaa kidogo na kidole juu ya kioo. Kisha akajibu ndiyo, na kialama kikazimika na jina.

*

Matanga ya Itulabwe yaliwekwa Jumamosi ya pili ya Desemba, ya wote kwa pamoja, baada ya hakimu kukubali kutoa vyeti bila miili. Anyisile ndiye aliyekuwa wa kwanza kusaini, na baada yake familia zote zilisaini ndani ya juma moja. Alimpigia Tusekile simu akamwambia siku na saa. Hakumwambia aje, wala asije.

Alikuja. Watu walikuwa wameketi kwenye nyasi kandokando ya ule uwanja wa majani mapya, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili. Alipokuwa anapita kutoa pole, mzee mmoja aliyevaa koti la suti juu ya nguo za kazi alirudisha mkono wake nyuma.

"Wewe ndiye wa mjini," alisema. "Wanangu wawili walikuwa wametusaidia, ukawanyamazisha."

Tusekile alisimama mbele yake hajui aweke wapi mkono wake mwenyewe. "Pole, baba," alisema.

"Umeuona ule mlima?"

"Nimeuona, baba."

"Basi kaa hapa unapouona vizuri."

Akakaa. Anyisile alikuwa miongoni mwa wanawake wa mbele, kichwa kimefunikwa, analia kwa sauti sasa, mwili mzima ukitikisika, na wenzake wamemshika mabega. Alikuwa analia kama mtu aliyepewa ruhusa. Ilisemekana yeye na familia nyingine thelathini wangeshuka kwenda Lwifwa kwa miguu yao wiki itakayofuata, bila mpango wa mtu yeyote, na mabati yao kichwani. Wengine walisema watasubiri Februari. Wengine walikuwa wamerudi machimboni, ambako kazi ilikuwa imeanza tena tangu Jumatatu.

Diwani Ntobi alifika na gari mpaka darajani, akavuka kwa miguu, akaketi kwenye kiti cha plastiki alicholetewa. Hakuna aliyemfukuza wala kumkaribisha. Alikuwa mtu mnene, mwenye macho mekundu, na ilionekana kwamba naye alikuwa amelia. Alipoteza marafiki wengi pale.

Mwinjilisti alianza kusoma majina saa nne. Alikuwa na daftari la shule. Alisoma jina, akanyamaza kiasi cha pumzi mbili, akasoma jingine. Tusekile aliyajua yote. Alijua nani alikohoa kwanza na nani alicheka, na kila jina liliposomwa, katika zile pumzi mbili, alijikuta ameinua kichwa, anasubiri. Alijikemea. Jina lililofuata alisubiri tena. Alitazama pembeni akaona si yeye peke yake. Wanawake walikuwa wameinua nyuso vilevile, midomo wazi kidogo, kila mara, mpaka mwinjilisti aendelee.

Kwenye jina la mia mbili na kitu, tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya daftari. Mwinjilisti alilifuta kwa kidole. Likaanguka la pili, likaacha alama kwenye vumbi karibu na mguu wa Tusekile, kisha mengine, makubwa, yaliyoachana.

Hakuna aliyekimbia. Watu wote kwa pamoja, wanawake kwa wanaume, waliuangalia mlima. Ntobi naye aliuangalia. Alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, mikono kwenye magoti, akisikiliza, na mvua ikimlowesha upara.

Walisubiri hivyo kwa muda. Mlima haukusema kitu. Mwinjilisti akaweka daftari chini ya koti lake, akaligeuza upande ili aone, na akasoma jina lililofuata.